Boaz Auza Ngome
Mawe mia nne na kumi, kila moja na namba yake ya rangi nyekundu, yalikuwa yamelala Dubai Investments Park miezi saba bila mtu wa kuyajulia hali, na jambo hilo lilimuuma sana Boaz, mlinzi wake. Yalitoka kwenye jumba la mabwanyenye wa Italia lililotoweka zamani. Lilisalia lango na minara miwili ya kujihami, kampuni ya hoteli ikavinunua, ikavibomoa, ikavileta kwa makontena. Boaz aliona mali isiyo na mwenyewe. Yeye alitaka ploti Kitale, na akiba yake ya miaka minne ilikuwa ndani ya soksi.

Siku Sheikhan wa Mombasa aliposimamisha pikapu kuyatazama, Boaz alimwamkia kwa unyenyekevu wa kutisha.

"Bosi, hii ngome ina miaka mia tano. Arbab, mwenye mali, ameniachia niiuze. Ukiiweka Nyali, hata mawaziri watapiga hodi."

"Kaka, mimi sokoni Naif sinunui hata pasi bila kuichomeka nione inawaka," alijibu Sheikhan. "Isimamishe niione. Ikisimama, dirham laki mbili, taslimu."

"Yote isimame?"

"Yote. Khalas, basi."

Laki mbili! Boaz alifumba macho akaona ploti tatu. Akafungua soksi, akakodi kreni, na Ijumaa tano mfululizo akawaajiri waashi wa Kipathani kutoka Pakistani siku yao ya mapumziko. "Yalla, yalla!" aliwakemea kwa sauti ya mwenye mali. Soksi ikabaki soksi tu. Lakini lango lilisimama, mnara huku na mnara kule, na Boaz, ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku, alitokwa na machozi ya fahari.

Jumapili Sheikhan alifika na madam wa ile kampuni ya hoteli. Boaz akapiga saluti.

"Bwana Sheikhan, si ulisema miezi sita?" madam alishangaa. "Wiki tano tu! Malipo yako yote utayapata leo."

Kumbe Sheikhan alikuwa mkandarasi. Kazi ya kulisimamisha lango alishapewa kabla hajamjua Boaz. Alichokosa ni mtu wa kuigharamia.

Boaz angeshtaki nini? Kwamba ametapeliwa akiuza kisicho chake?

"Mlinzi huyu amenisaidia mno," Sheikhan alisema, na alimaanisha. "Msimwache aende."

Madam akakubali papo hapo: mkataba wa miaka miwili, asimame langoni saa kumi na mbili kwa siku, ahakikishe haondoki mtu na jiwe hata moja.

Boaz alishukuru. Nauli ya kukataa hakuwa nayo.