Bwana Hamira Mezani Kwetu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Hili sijamwambia mtu. Skonzi za Bwana Hamira ni tamu. Tamu mno! Leo nimekula mbili bafuni, bomba nimelifungulia ili nisisikike nikitafuna, kisha nikarudi mezani na kumwambia Mama kwamba skonzi zinanipa kiungulia. Mama akanipapasa tumbo mbele ya mgeni. Mimi, mwenye ndevu zinazoanza kuonekana!

Bwana Hamira si jina lake. Nimempa mimi, kwa siri, kwa sababu akiketi mahali anaumuka mpaka anapajaza. Ni mwokaji. Anaoka mikate usiku kucha mtaa wa pili, na Mama ni muuguzi wa zamu ya usiku. Wote wawili wanatoka kazini wakati watu wengine wanatafuta miswaki. Ndivyo walivyokutana: yeye anafagia unga mlangoni, Mama anapita na miguu iliyovimba, mara skonzi ya moto ikawa mkononi mwa Mama. Sasa kila asubuhi yumo kwetu. Kifungua kinywa wanakiita chakula cha usiku, kisha wanacheka wenyewe.

Lakini saa ile ilikuwa yangu! Jioni nikirudi shule Mama anatoka. Tunapishana mlangoni, ananinyoosha kola, basi. Asubuhi ndiyo tuliyobaki nayo: bakuli mbili za konifleksi, na Mama akinisimulia vituko vya wodini kabla hajaenda kulala. Sasa anayesimuliwa ni Bwana Hamira, naye anamlipa kwa habari zake. Habari za tanuri.

Jana, huku akikunja sare, aliniambia kwamba Fundi (yeye anamwita hivyo) amemuuliza jambo la watu wazima, na Jumapili ijayo atamjibu. Ila kwanza anataka kujua mimi nasemaje. Nikasema sijui. Nilitaka kusema, Mama, saa ile ni yangu. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, na aibu ikinishika nanyamaza kwa zote mbili.

Basi itabidi kutumia akili.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza: nafaka za boksi. Mama mdogo, tunayeishi naye, ni keshia kwenye duka kubwa, na maboksi yaliyobonyea wanamuuzia kwa bei ya kutupa. Nilimwomba aniletee kila aina. Akauliza kama nimeanza kufuga kuku. Nikamwambia ni utafiti wa shule. Nia yenyewe: kuijaza meza mpaka skonzi zikose pa kukaa, na Mama akumbuke raha ya bakuli na kijiko.

Boksi la kwanza, ngano yenye maganda yake. Kama kula ufagio! Mama alitafuna kwa adabu mpaka machozi yakamlenga. Boksi la pili, vipete vya rangi. Maziwa yakawa ya buluu. Ulimi wangu pia. Nimekwenda nao shuleni bila kujua, na mwalimu wa kemia akaniita mbele nioneshe darasa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Na Bwana Hamira? Alikula yote! Akaomba kuongezewa ufagio. Halafu akamega skonzi yake, akaitosa katika yale maziwa ya buluu, akasema kwa bibi yake alikuwa akila hivyo hivyo. Mama naye akachovya. Bakuli moja, vijiko viwili. Karamu yao nimeiandaa mimi!

Baya zaidi, Mama alinitaka nisome mgongo wa boksi, ulioandikwa kwa lugha ya shuleni. Nikasoma vitamini moja baada ya nyingine, nikiwafasiria. Bwana Hamira akaacha kutafuna, akasikiliza kama taarifa ya habari. Akasema, Sista (ndivyo anavyomwita Mama), huyu kijana ana sauti, mbona unamficha?

Nikajikuta natabasamu. Uso wangu hauna msimamo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango wa pili: kumpiga mwokaji kwa silaha yake. Boksi la shayiri lina maelezo ya kuoka biskuti za asubuhi. Nimeamka kabla ya jogoo na kabla ya akili. Oveni yetu mlango haufungi, unaegemezwa kiti. Nimeegemeza. Nimechanganya. Harufu ikaja nzuri, nikaanza kujiona.

Hakuna aliyeniambia kwamba trei hupakwa siagi! Maelezo yalisema, ila nililifasiri vibaya neno la kupaka, nikadhani siagi ni ya kujipaka mimi mikononi. Biskuti ziliganda zikawa kitu kimoja na trei. Mama alijaribu kwa kisu. Mama mdogo alijaribu kwa nyundo ya kugongea misumari, akauliza tunaezeka nyumba au tunakula. Akaiinua trei dirishani wapita njia waone, akatangaza kigae cha kwanza cha mwanangu hiki hapa!

Bwana Hamira hakucheka. Ana mafua wiki nzima, leso haimtoki puani, lakini aliinama akaichungulia ile trei kwa muda mrefu kama daktari, akasema rangi imekaa. Rangi! Halafu akasema kwa sauti ya chini, nisikie mimi tu, kwamba trei yake ya kwanza ilitupwa pamoja na biskuti zake. Akanikaribisha kazini kwake siku yoyote.

Nilimjibu asante kwa lugha ambayo yeye haisemi, nikakimbilia shule bila begi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimepata! Nilikuwa nashambulia mtu ambaye siye. Adui si Bwana Hamira. Adui ni usingizi.

Fikiria. Bwana Hamira akishakula hupiga miayo, anaaga, anakwenda kwake kulala. Tatizo ni kwamba Mama naye analala. Kesho ni Jumamosi, sina shule. Mama asipolala, siku nzima ni yetu. Nitakuwa na muda wa kutosha kuona aibu, aibu iishe, kisha niseme.

Mama mdogo ana kopo la kahawa ya unga, ile nyeusi ya kukoroga. Mama huwa haigusi. Kwa hiyo: biskuti za chokoleti nyingi, na ndani yake kahawa. Kiasi gani? Maelezo ya boksi hayasemi kitu kuhusu kahawa. Nimekadiria kwa jicho. Kopo lilikuwa limejaa, sasa linasikika likitikiswa.

Trei nimeipaka siagi. Mimi si mjinga.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Zimetoka nzuri! Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimetengeneza kitu kinacholika. Mama alikula, akachukua nyingine, na nyingine. Akaniambia mwanangu, mkono huu umeutoa wapi?

Lakini sikumpigia hesabu Bwana Hamira. Naye alikula! Kwa mafua yale hasikii harufu wala ladha, anasikia tu kwamba zinavunjika vizuri, basi akazivunja sahani nzima. Nikasubiri miayo yake. Miayo haikuja. Nikamtazama Mama. Macho yake makavu, yanang'aa kama ya paka.

Wakaanza kuongea. Wakaongea mpaka chai ikapoa. Wakaosha madirisha. Wakasogeza kabati, wakalirudisha. Bwana Hamira akautengeneza mlango wa oveni, nimeshika bisibisi mimi, huku Mama akisimulia mgonjwa aliyekataa sindano mpaka muuguzi afumbe macho kwanza. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku nzima na Mama, kama nilivyotaka. Na Bwana Hamira ndani yake, kama nisivyotaka, na sikukumbuka kuudhika.

Mchana Mama akaketi ghafla. Akajishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo yake kikazi. Akasema jamani, moyo wangu unakimbia. Bwana Hamira akanyoosha mikono yake, inatetemeka. Akasema mikono hii haijatetemeka tangu nianze kukanda unga, Sista. Wakatazamana. Mama akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba kumbe mtu mzima naye hupatwa na haya mambo.

Mungu wangu! Wanadhani ni mapenzi!

Mama akasema hana haja ya kungoja Jumapili. Akanigeukia. Mwanangu, wewe wasemaje? Wote wawili wananitazama, nyuso zimejaa tumaini. Ilikuwa ndiyo nafasi ya kusema ni kahawa. Nikasema sawa.

Mama akaenda zamu bila kulala hata lepe.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Siwezi kujitazama kwenye kioo.

Metroni, mkuu wao wa wauguzi, alimkuta Mama wodini amelala usingizi wa fofofo juu ya mashuka, mdomo wazi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa amemfunika blanketi lake. Hakuna aliyedhurika, lakini Mama alikaripiwa mbele ya wauguzi wanafunzi, aliowafundisha yeye mwenyewe kwamba kazini hakulaliwi. Ametuambia akitazama ukuta. Akasema ameaibika, na kwamba likitokea tena atapewa barua ya onyo. Mama yangu! Kwa ajili ya biskuti zangu.

Bwana Hamira ameunguza mikate ya nusu mtaa. Hakulalamika. Alichukua kiti, akaketi nje ya mlango wetu, akawa anawanyamazisha watoto wa jirani ili Mama alale. Alisinzia yeye, mikono imekunjwa kifuani. Nilimpelekea maji. Nilimpelekea mara tatu, kila mara nikiwa na neno la kusema, kila mara nikarudi na glasi tu. Ya mwisho akaniambia, bwana mdogo, unanijaza kama mtungi.

Kesho nitasema. Naapa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nilikuwa niseme leo. Nimeifanyia mazoezi bafuni kwa lugha zote mbili: Mama, zile biskuti zilikuwa na kahawa. Fupi. Mtoto wa chekechea anaiweza.

Mama akanitangulia. Alikuwa ameweka kijiko chini, hajala. Akasema Fundi, samahani, nina jambo. Akasema tangu jana amejipima, moyo wake umetulia kabisa, unapiga kama wa mtu anayesubiri foleni. Akasema anaogopa kwamba ile Jumamosi ilikuwa homa tu, na mtu hatakiwi kuolewa kwa homa. Bwana Hamira akaitazama mikono yake. Imetulia kama mkate. Akasema ni kweli, Sista, hata mimi nimeona. Wakakubaliana wangoje kidogo, waone. Akaaga mapema. Skonzi kaziacha, hata hakuzifunua.

Nimeshinda! Saa ile imerudi kwangu. Bakuli mbili, konifleksi, Mama na mimi. Mama hakusimulia kitu. Alikoroga mpaka zikawa ugali. Nikamuuliza vipi wodini, akasema salama. Nikala skonzi moja mbele yake, wazi, bila bomba. Hata hakuniuliza habari za kiungulia.

Najua kinachotakiwa. Sentensi moja. Ningemwambia kwamba moyo ulikimbia kwa kahawa, lakini madirisha hayakuoshwa na kahawa, wala kile kiti mlangoni hakikuwekwa na kahawa. Nimeiandika hapa vizuri kabisa, na nimekwenda mpaka mlangoni kwake, nikasimama, nikarudi. Atanitazama. Ataniuliza tangu lini.

Lakini kuoka naweza!

Nimefikiri mchana kutwa, darasani sikusikia neno. Kosa la Jumamosi halikuwa kahawa. Kosa lilikuwa kipimo. Leo usiku Mama hana zamu, metroni kampumzisha. Kwa hiyo hakuna hatari yoyote. Kesho asubuhi nawaokea tena, vijiko vichache tu, moyo ukimbie kidogo, mikono itetemeke kiasi cha adabu. Watatazamana, watakumbuka, mambo yatakaa sawa bila mtu kusema lolote. Nikiendelea kupunguza kijiko kwa kijiko, kufikia harusi hawataihitaji tena. Ni kama dawa. Mama mwenyewe angeelewa, ni muuguzi.

Mama mdogo ameshaanza kuuliza kopo lake limekwenda wapi. Liko hapa, chini ya mto wangu, na limemwagikia shuka.

Ngoja. Kandambili koridoni. Za Mama. Anaita, mwanangu, mbona chumba chako kinanuka kah