Friza ya Nelcy na Madonge ya Ndizi

Jumatatu, 24 Juni

Nimeweka friza dau. Si yangu. Ni ya mke wangu Nelcy, anayogandishia barafu ya kuuza hapa mjini kwetu pwani, Esmeraldas. Lakini kushindwa hakupo.

Jumamosi, sikukuu ya Mtakatifu Petro, kuna mashindano ya kula madonge ya ndizi mbichi zilizopondwa na jibini. Washington, kaka yake Nelcy, amenitania mbele ya wavuvi kwamba tumbo langu ni la kifaranga. Hatujaelewana tangu mazishi ya mama yao. Tukawekeana dau: atakayekula machache anatoa alichoweka. Yeye ameweka injini ya mtumbwi wake. Nelcy hajui.

Jumanne, 25 Juni

Zahanati. Nimejifanya naumwa tumbo. Daktari Perlaza, binti mpole, ameeleza yote. Kumbe tumbo huanza kutoa maji makali pua ikinusa tu chakula. Kisha misuli yake hukanda kwa mawimbi, chakula kinakuwa uji, kinapita kidogo kidogo mlango wa chini kwenda utumboni. Mafuta huuchelewesha mlango huo kufunguka.

Ameniandikia dawa ya minyoo. Nimetoka msomi.

Jumatano, 26 Juni

Mpango wa kwanza. Kama maji hayo huja kwa harufu, nitayalimbikiza. Nimekaa asubuhi nzima mbele ya kikaango cha Bertilda, muuza samaki, nikinusa bila kula. Maji yamekuja. Hayakukuta kazi. Kiungulia mpaka kooni.

Bertilda aliuliza kama nanunua au naomboleza.

Jumamosi, 29 Juni. Asubuhi

Mpango wa pili, bora zaidi. Mafuta huchelewesha mlango? Basi yaende kwa Washington. Nimepika samaki wa nazi, nikazidisha mafuta ya nguruwe, nikampelekea sufuria nzima kwa jina la amani.

Amekuja nayo hapa, haijafunguliwa, na vijiko viwili.

“Shemeji,” akasema, “tangu mama afe hakuna aliyenipikia. Siwezi kula peke yangu. Sogea.”

Macho yake yalikuwa na maji. Nelcy amesimama mlangoni ananitazama kama siku ile aliponikubali. Ningefanyaje? Nimekula. Kila nilipoweka kijiko chini, Washington alinijazia tena.

Jumamosi hiyohiyo. Jioni

Madonge mawili. La pili lilifika likasimama. Nikarukaruka kuyasaidia mawimbi. Mawimbi yakaja, ila yakaelekea juu. Padri alikuwa karibu mno.

Washington, manne. Mshindi ni mwalimu Zoila, mstaafu, mwembamba kama ufito. Hata mkanda hakulegeza.

Jumapili, 30 Juni

Nelcy ameambiwa na wavuvi. Kuhusu dau, na kuhusu mafuta ya nguruwe niliyojisifia kwao. Amefuta friza kwa kitambaa, ndani na nje.

Washington akasema haitaki. Nelcy akamjibu ataichukua, maana dau ni dau. Kisha akanigeukia.

“Friza inakwenda kwa kaka. Na mimi nakwenda na friza.”

Nyumba ni kimya. Sikujua ile mashine ilikuwa na sauti.

Jumanne, 2 Julai

Nimekwenda kuomba msamaha. Nimesimama uani kwa Washington tangu asubuhi, watu wakinunua barafu wakinipita. Mchana Nelcy akatoka. Kilichomuuma, amesema, si friza. Ni kwamba alimwona kaka yake akila kwa furaha, akadhani nimebadilika kweli.

Nililia. Kweli kabisa. Amekubali kurudi, na friza, nikiapa kwa kaburi la mama yake kwamba sitaiweka dau tena. Nimeapa.

Tukiwa tumebeba friza njiani, Nelcy akiwa mbele, Washington aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Oktoba kuna mashindano ya supu ya kaa. Baadaye nimepitia zahanati. Daktari anasema kitu cha majimaji hupita mlango upesi kuliko kigumu.

Washington ameweka injini. Friza sijaigusa, kiapo ni kiapo. Nimeweka kitanda.