Mabenchi ya Bluu ya Buswelu

Jumanne, 3 Agosti 1993
Nimekwisha! Mbao zangu za paini zimeshushwa leo kutoka Ukerewe na nusu yake ni za bluu. Bluu! Utadhani zimemwagiwa wino. Nilizinunua bila kuziona, kwa kuwa bei ilikuwa tamu. Lukman, fundi wa ng'ambo ya barabara hapa Mkuyuni, kaja kuchungulia bila kualikwa. Eti ni ukungu, eti nijengee banda la kuku. Ajengee kuku wake!

Ijumaa, 6 Agosti
Siamini. Mzee Otuoma kapita karakana. Huyu ndiye baba wa Akinyi, na bila yeye Akinyi simpati. Nikampa shikamoo, nikaona macho yake yameganda kwenye bluu. Mdomo ukaniponyoka: nikasema ni mbao za Ulaya, tangu milango ya biashara ya nje ifunguliwe hata miti inaingia na rangi yake. Kakubali! Anataka mabenchi kumi na mawili ya kanisa lao la Buswelu, yote ya bluu. Waumini wakiyakalia Jumapili tatu bila neno, nipeleke barua ya posa.

Jumamosi, 7 Agosti
Balaa. Mbao za bluu zinatosha mabenchi manne tu. Nimekwenda kwa bwana misitu, Mzee Masalu. Kashangaa kwamba mimi, Shimba, nauliza swali la maana. Kasema kuna vidudu vyeusi, vidogo kuliko punje ya mchele, vinatoboa gome la paini vikiwa vimebeba ukungu mwilini. Ukungu ukiingia kwenye mti mbichi, mti unageuka bluu. Mbao ikikauka, ukungu hauna chake. Alikuwa ananionya. Mimi nimeandika kama mapishi.

Jumanne, 10 Agosti
Nimeleta magogo mabichi, na vidudu kopo zima. Nimevimwaga juu ya magogo, nikafunika kwa magunia yaliyolowa. Vitatu vimenipanda shingoni! Lukman kauliza kama magogo yana homa. Yeye mbao zake anazianika miezi mitatu, kama dagaa. Wivu tu.

Jumatatu, 6 Septemba
Nimepasua magogo. Bluu tupu! Nimepiga magoti palepale. Mbao zinatoa maji kidogo, misumari inazama kama kwenye ugali. Lukman kaja kunisihi, kwa adabu kabisa, nizianike kwanza. Nimemjibu kwamba Ulaya hawaaniki.

Jumapili, 19 Septemba
Jumapili ya pili imepita salama. Mabenchi yanalia kwii, kwii katikati ya mahubiri. Nimewaeleza kuwa yanazoea hali ya hewa. Jua ni kali, kanisa limekuwa tanuri. Barua ya posa nimekwisha iandika.

Jumapili, 26 Septemba
Nilikaa nyuma ya Mama Akinyi ili tusitazamane usoni, maana mkwe ana heshima zake. Tukikutana njiani mimi huingia porini. Wimbo ukaisha, watu wakakaa. Benchi lake lilikuwa limesinyaa kwa kukauka. Miguu ikachomoka yote minne. Mama mkwe chali! Miguu juu! Na mimi hapo nyuma, macho wazi! Nimemwona hadi... siandiki. Nilijifunika kitabu cha nyimbo, lakini nilichelewa. Kanisa zima likanigeukia mimi, si yeye.

Jumatatu, 27 Septemba
Nimepeleka barua hata hivyo. Imerudi haijafunguliwa! Mzee Otuoma kaagiza nisikanyage kwake mpaka nilete mbuzi mweupe asiye na doa, kumfutia mama aibu. Akinyi ndiye aliyeleta ujumbe, akilia. Alisema, "Shimba, mara hii tu, usibuni kitu." Nimemwapia. Mabenchi mapya kapewa Lukman.

Jumamosi, 2 Oktoba
Mbuzi weupe ni adimu mno. Nimepata wa madoa meusi, bei tamu. Nimempaka chokaa mara mbili. Anang'aa! Hata Lukman kajishika kichwa. Nampeleka kesho baada ya ibada, mbele ya watu wote. Kuna wingu upande wa ziwa, lakini ni dogo.