Matairi ya Kumfikisha Baba Mkwe

Jumanne, 22 Aprili

Leo baba mkwe ametangaza msiba wake. Hajafa. Ametangaza maandalizi tu.

Tulikuwa sebuleni kwangu, hapa Kawetele, Tukuyu, tunakunywa chai. Mzee Ambokile anakaa kwetu tangu mwezi wa pili, kwa sababu ya moyo wake na kwa sababu hospitali iko karibu. Kila wiki anaomba arudishwe kwake Kisiba. Kila wiki binti zake wanamwambia avumilie, barabara mbovu, mvua zipungue kwanza. Mvua za huku hazipungui. Anaambiwa avumilie tena.

Leo hakuomba. Aliweka kikombe chini, akasema kufa haogopi, anaogopa kusafirishwa. Mwaka jana alimzika rafiki yake. Gari lilinasa kwenye mteremko wa kuingia kijijini, jeneza likachomoka likateremka lenyewe, waombolezaji wakalifukuzia kwenye tope na suti zao. Aibu hiyo haitaki. Kwa hiyo anataka kulijaribu gari lake la mwisho angali na macho. Gari litakalomfikisha mlangoni kwake Kisiba bila yeye kukanyaga chini, hilo ndilo litakalobeba jeneza lake.

Wakwe zake ni wawili. Mimi, na mwanyumba wangu Yohane, aliyemwoa mdogo wake mke wangu. Yohane ni mwalimu wa sekondari na huongea na watu wazima kama wamechelewa mstarini. Wote tuna pikapu za aina moja, hata ringi zinaingiliana. Tofauti ni kwamba langu huoshwa.

Mzee akaamua nianze mimi. Maneno yake: mgeni atangulie.

Hapo ndipo panaponiuma. Mimi mtu wa Singida, afisa mifugo, serikali imenileta huku, nikaoa huku, nikazaa huku. Nakula mbalaga, zile ndizi zao za maharage, bila kuulizia ugali. Kanisani naimba besi kwa Kinyakyusa nisichokielewa. Yohane anaitwa mwanangu. Mimi naitwa mgeni. Siku nikibeba jeneza lile mbele ya ukoo mzima, hakuna atakayethubutu kuniita mgeni tena. Mzee mwenyewe atakuwa hawezi.

Namwombea maisha marefu. Lakini jeneza lile nalitaka.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeamka na jibu. Matairi.

Yangu ni ya kawaida, si mapana wala si membamba. Ya Yohane ni membamba kabisa, kayanunua kwa ubahili tu. Kwetu Singida, kwenye mchanga wa mto uliokauka, gari la matairi mapana lilipita tukalipigia makofi. La matairi membamba tulilisukuma. Jambo liko wazi. Mwenye nyayo pana hazami.

Niliaga ofisini kwamba nafuatilia chanjo. Nikaenda Mbeya, Mwanjelwa, kwa muuza matairi ya mtumba. Akaniuliza nitaendesha wapi: kwenye mchanga, kwenye bwawa la tope, au kwenye mteremko wa utelezi. Nikamwambia hayo ni mambo ya familia. Akanipa mapana kuliko yote aliyokuwa nayo. Nami nikamwachia matairi yangu ya zamani pamoja na tangi la plastiki la maji, lile ambalo Atuganile, mke wangu, alilisubiri muda mrefu na bado halijafungwa. Nililipakia alipokuwa sokoni. Kwa mvua hizi, tangi la nini.

Wakati wa kurudi, pale Kiwira watu waligeuka kunitazama. Matairi yalikuwa yanasugua madigadi kila nikikata kona. Nimefika nyumbani nimeyakata madigadi kwa msumeno.

Atuganile ameuliza swali moja tu, kama nimemuuliza baba njia yenyewe ikoje. Nimemjibu njia ni njia.

Jioni Yohane kaja, kalizunguka gari, kasema yanapendeza. Nilimwona anavyomeza mate.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku ya aibu. Naandika kwa kifupi.

Mzee alikataa kukaa mbele, akasema maiti haikai mbele. Tukamtandikia godoro nyuma, akalala chali, mikono kifuani. Dada yake, Bibi Tupokigwe, akakaa pembeni yake na kuimba wimbo wa mazishi taratibu, ili mzee aone kama sauti inasikika vizuri. Yohane akatufuata na gari lake, eti kama shahidi.

Sikuwa nimewafikiria watu wa barabarani. Bodaboda zilisimama. Wanawake waliotoka shambani walitua mizigo. Mama mmoja anayefahamiana na Bibi Tupokigwe alilikimbilia gari huku analia, akauliza jamani ni nani huyo. Mzee akainuka akamwambia ni yeye, na je, nyumbani hawajambo. Mama yule tulimwacha amekaa kwenye majani, anapepewa.

Halafu ukaja mteremko. Juu ni tope jepesi kama uji, chini yake mwamba. Matairi yangu hayakuugusa mwamba. Yalikaa juu ya tope kwa adabu, na gari zima likaanza kuteremka kiubavu, taratibu, mimi nazungusha usukani usio na habari nami. Bibi Tupokigwe hakuacha kuimba. Tukaishia ndani ya migomba ya watu.

Ikabidi mzee ashuke. Akakanyaga tope, akaviangalia viatu vyake, akasema: pole, mgeni.

Kisha Yohane akateremka palepale na vijitairi vyake. Vikakata tope hadi chini, vikaushika mwamba, vikapita. Hakunicheka. Bora angenicheka.

Tulimwambia mzee amalizie na Yohane, kwake si mbali. Akakataa. Amekwisha kukanyaga chini, safari imeharibika, lazima ianzie Kawetele upya, Jumamosi. Akarudi na Yohane. Mimi nikabaki na migomba, na mwenye migomba.

Ijumaa, 25 Aprili

Siri nimeijua. Wembamba.

Tairi pana linaelea, tairi jembamba linakata. Nashangaa watu hawalioni jambo jepesi kama hili.

Sasa, membamba anayo Yohane, na hajui thamani yake. Nimemfuata shuleni wakati wa mapumziko. Nikamwambia nimekaa nikafikiri, matairi yale makubwa hayamfai afisa mifugo, yanamfaa mwalimu anayetajwatajwa kuwa mkuu wa shule. Hakuna anayemtaja. Nikamwambia awaze tu wanafunzi wakiliona linaingia getini. Akatazama getini. Akatazama kwa muda. Tumebadilishana hapohapo, yangu yote kwa yake yote, jasho likitutoka, na hakuuliza kwa nini. Mwalimu mzima.

Mzee alipoyaona membamba kwenye gari langu, akasema kesho atapanda langu tena, kwa kuwa hayo ameyaona yakipita kwa macho yake. Nilikula kwa raha.

Atuganile ameuliza tangi liko wapi. Nimemwambia liko Mbeya, kwa ajili ya baba yake. Si uongo. Akaniuliza tena kama njia nimeiulizia. Nimemwambia njia naijua sasa, nimelala ndani yake.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua ilianza alfajiri. Tukaondoka vilevile: godoro, chali, wimbo. Safari hii tulimwomba mzee asisalimie watu.

Juu ya mteremko tukakuta matawi yamewekwa barabarani. Kalavati limechukuliwa na maji. Wanakijiji wakatuelekeza njia ya chini, ya bondeni, inayopita malisho ya ng'ombe. Nyasi za kijani, tambarare. Nilifurahi.

Bonde lile halina mwamba. Juu nyasi, chini tope jeusi, na chini ya tope kuna tope. Matairi yangu membamba yalifanya kazi yake barabara. Yalikata. Yakaendelea kukata. Yalitafuta pagumu ambapo hapapo, mpaka gari likalalia tumbo.

Yohane akaja nyuma, akapunguza upepo kidogo, akapita juu ya nyasi pembeni yangu kana kwamba anapita sebuleni kwake. Na matairi yangu! Yaliyopatikana kwa tangi langu! Akasimama ng'ambo, akafungua mlango, akasema mzee aletwe kwake. Mzee, akiwa chali, akajibu kwamba maiti haibadilishi gari njiani.

Tukasubiri ng'ombe wa kutuvuta. Hawakuja. Godoro likalowa. Mzee akaanza kukohoa, midomo ikapauka, mkono mmoja ukatoka kifuani ukatafuta ubao wa kushika. Hapo niliogopa kwelikweli. Habari za jeneza zilinitoka kichwani. Nikavua viatu, nikamgeuzia mgongo, nikamwambia, baba, panda.

Bibi Tupokigwe akaacha kuimba. Akasema si desturi. Mkwe hambebi baba mkwe mgongoni, anayebeba hivyo ni mtoto wa kumzaa. Mzee akamjibu kitu kwa Kinyakyusa, kifupi tu. Bibi akanitazama, akamsaidia kupanda.

Ni mwepesi mno. Sikujua kwamba amepungua kiasi kile. Tope lilinifika magotini, kisha tukapanda na kuingia kwenye migomba yake. Alikuwa ananisemea sikioni. Shina hili alilipanda siku aliyozaliwa Atuganile. Lile alilipanda marehemu mkewe. Akaniuliza kama nimechoka, nikasema hapana. Nilikuwa nimechoka.

Mlangoni nikamkalisha kwenye kigoda chake. Miguu yake ilikuwa mikavu. Ndugu zake wote walikuwa wametoka, wamesimama. Akanishika mkono mbele yao, hakuuachia, akanishukuru kwa lugha yao, ndaga fijo, mwanangu. Nikamwambia asante baba, samahani kidogo, nikakimbia bondeni kuangalia kama na ringi ya nyuma imezama.

Ilikuwa imezama.

Jumapili, 27 Aprili

Jana tulirudi bila mzee, kwenye gari la Yohane. Njia nzima nilikuwa nikiyasikia matairi yangu yakinguruma chini ya makalio yangu.

Leo baada ya ibada tumekwenda kumwona. Yuko nje, anaota jua lililojitokeza kidogo, anakula mbalaga. Rangi imemrudia. Atuganile akamuuliza lini tumfuate arudi Kawetele. Akasema harudi. Yuko kwake. Siku yake ikifika atafia hapo, na kaburi lake liko nyuma ya jiko, kando ya mama yao. Hata mtoto anafika hapo kwa miguu.

Yohane akauliza, kwa sauti ya darasani, sasa gari la jeneza ni lipi.

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. Akasema tangu mwezi wa pili anawaomba wamrudishe kwake, anaambiwa barabara mbovu. Ametaja jeneza mara moja tu, watu wamebadilisha matairi.

Atuganile naye alicheka, kisha akalia, akamfuta baba yake mdomo kwa khanga yake. Yohane aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, kwa sababu amekuja na matairi mapana yote yale na hakutangazwa mshindi. Maana mimi maneno ya mzee nimeyaelewa hivyo. Mzee amesema hakuna aliyeshinda. Shindano liko wazi.

Jumatatu, 28 Aprili

Gari limetolewa bondeni kwa ng'ombe. Ng'ombe wenyewe niliwachanja mimi mwaka jana, na mmoja alinikumbuka vibaya.

Asubuhi Atuganile ameniuliza baba alisema nini juzi nilipomkalisha kwenye kigoda. Shangazi yake, Bibi Tupokigwe, amempigia simu analia kwa furaha, hakumwelewa vizuri. Nimemwambia hakusema la maana, alishukuru tu, maneno ya kawaida ya wazee. Atuganile akachukua ndoo akaenda kukinga maji ya mvua.

Nilikuwa na mambo mazito zaidi ya kufikiri. Nimeliona kosa langu, na lilikuwa moja tu tangu mwanzo. Nilichagua. Mapana au membamba, kana kwamba lazima mtu achague. Kumbe dawa ni membamba mbele, yakate, na mapana nyuma, yaelee. Mteremko utashikwa, bonde litapitika. Nimejiuliza kwa nini wataalamu hawajafikiria hili. Kesho namfuata Yohane tugawane, mawili kwa mawili. Nitamwambia ndivyo wafanyavyo wakuu wa shule wa siku hizi.

Ni kweli kaburi liko nyuma ya jiko. Lakini jeneza litanunuliwa hapa Tukuyu, na jeneza halina miguu. Lazima liletwe na mtu. Siku hiyo nitakuwa tayari. Hata kabla ya siku hiyo, Jumamosi hii nitalipeleka gari Kisiba likiwa tupu, nilizungushe mlangoni mara moja, mzee alione.

Akiliona, hataniita mgeni tena.