Sauti ya Simba Inauzwa

Mteremko aliitwa hivyo kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwona akipanda kilima. Riziki yake ilibidi iteremke yenyewe, na ikiwezekana imkute amekaa. Siku hiyo ilimkuta kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu.

Televisheni ya kinyozi ilikuwa imekufa sauti, picha tu ndizo zinaendelea. Ilikuwa katuni ya watoto: simba, sungura na kobe wanatafuta nyota iliyoanguka. Wanatembea, wanaimba, wanasimama, wanatembea tena. Kisa chenyewe chembamba kama sabuni ya mwisho wa mwezi.

"Simba anasemaje?" akauliza mtoto wa mteja.

"Anasema viatu vinambana," akajibu kinyozi.

"Wapi! Anamdai sungura mwavuli wake," akadakia baba wa mtoto.

Wakacheka. Ajabu ni kwamba maneno yote mawili yalimkaa simba mdomoni sawasawa. Mteremko akaruka kutoka kitini. Akaazima diski ya katuni ile, akachukua kofia yake.

"Kaka, kichwa hatujamaliza!"

"Changu kimeshamaliza," akajibu, akatoka.

Kesho yake akapanga chumba cha mbele kwa Bwana Mwenye Nyumba. Mzee huyu alijaliwa sauti nzito ya kutetemesha vikombe kabatini, lakini ndani ya nyumba yake hakuwa na sauti. Mwenye sauti alikuwa mkewe, Mama Fundi, mshona nguo. Paa lilikuwa linavuja juu ya cherehani yake, nguo za wateja zimeshalowa mara mbili, na mvua kubwa zilikuwa njiani. Kwa hiyo mama alikuwa akitunza pesa za mabati kwenye kopo la maziwa, kidogo kidogo, kwa saburi na sala.

"Mzee wangu," akaanza Mteremko, "natengeneza filamu. Wanyama wote wanaongea, simba tu ndiye hana sauti. Nimezunguka mji mzima. Uliponisalimia jana nikasema, loo, simba huyu hapa, kavaa kandambili."

"Mimi?"

"Wewe. Fikiria, watu wamejaa, mkeo kakaa mbele, na wewe unaunguruma bila mtu kukukatiza."

Hapo palimgusa mzee penyewe. "Bila kukatizwa kabisa?"

"Hata na chafya. Ila sauti hii inagombaniwa, lazima uilipie mapema."

Mzee akaliendea kopo. Mola atunusuru na hamu ya kusikika; imefukarisha wengi kuliko ulevi.

Mchana huohuo simba yuleyule akauzwa kwa mwenye bucha, ambaye sauti yake ilikuwa kama filimbi iliyokanyagwa.

"Nami nitawezaje kuunguruma?"

"Simba wa kisasa haungurumi, bosi. Anaongea kistaarabu."

Kila mmoja kwa siku yake akaja kurekodi, mbele ya kipaza sauti ambacho waya wake uliishia chini ya godoro.

Onyesho likatangazwa Jumamosi saa kumi. Projekta ya kukodi ikawekwa, shuka jeupe likatundikwa, yote hayo ya kuwafumba watu macho, maana Mteremko alipanga kuondoka saa tisa. Saa tisa ikafika. Akabeba begi lenye mavuno, akafungua mlango. Mama Fundi alikuwa amekaa kizingitini, anashona kifungo. Nyuma yake watu wamejaa mpaka barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na begi, unakwenda wapi?"

"Kuwapokea wageni wa heshima."

"Wameshafika. Mume wangu kavaa suti ya harusi yetu, na mwenye bucha kaja na ukoo mzima. Kila mmoja ananiambia simba ni yeye. Na kopo langu limekuwa jepesi ghafla." Akakata uzi kwa meno. "Rudi ndani, baba, tumsikilize huyo simba."

Chumba kilikuwa na mlango mmoja tu. Mteremko akarudi, akajificha nyuma ya shuka, begi katikati ya miguu, akawasha filamu bila sauti na kujikabidhi kwa koo lake.

Simba akatokea. "Mimi ndimi mfalme!" Sauti ilitoka kwenye visigino.

"Huyo mimi!" mzee akasimama.

"Jamani, nyota yangu mmeiona?" Sauti sasa ilitoka puani.

"Na huyo mimi!" akasimama mwenye bucha.

"Simba ana mafua?" akauliza mtoto.

Watoto walicheka hadi wakalaliana. Tumpe haki yake: kwa mara ya kwanza maishani, Mteremko alitoka jasho la kazi. Lakini sungura akaja, wanyama wawili wakawa wanaongea kwa pamoja, na koo ni moja. Ndipo akasikia mtu akisimama ubavuni pake.

"Ewe mfalme," akasema sungura kwa sauti ya Mama Fundi, "mbona unahema? Begi linakulemea."

"Mimi? Sina begi."

"Liko kati ya miguu yako. Nyota tunayoitafuta ilianguka humo, pamoja na mabati ya watu. Nipe nikupokee."

"Siwezi!"

Lakini kwenye shuka simba akafanya alivyochorwa kufanya. Akainamisha kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Kakubali!" watoto wakapiga kelele. "Mpe! Mpe!"

Mteremko akachungulia pembeni ya shuka. Simba wake wawili, mnene wa sauti na mwembamba wa sauti, walikuwa wanatazamana. Hawakuwa wanacheka.

"Chukua," akanong'ona mfalme.

"Hawakusikia, mwanangu. Toa sauti."

"CHUKUA!"

Makofi yakatikisa nyumba. Katikati ya makofi hayo Mteremko akapenya mlangoni, na kinyozi, aliyekuja kufuata diski yake, akamvua kofia ili umati uone kazi isiyomalizika. Sijasikia kama kichwa kile kiliwahi kusawazishwa.

Mwenye bucha alirudishiwa chake palepale. Mabati yakapigiliwa kabla ya mvua. Usiku wa mvua ya kwanza cherehani ikawa inalia pakavu, na Bwana Mwenye Nyumba akakohoa, akavuta pumzi, akaanza: "Mke wangu, kuhusu lile kopo..."

Mama Fundi akasimamisha cherehani, akamtazama juu ya miwani.

Mzee akainamisha kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo.