Ombi la Uhamisho wa Bakteria wa Nyayo Zangu

Kwa Mheshimiwa Mama Mkuu wa Maabara, Kiwanda cha Jibini,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni yule mgeuza jibini wa chumba cha kuivishia, mrefu, wa mabuti meupe ya mpira, niliyekaa mstari wa mbele siku ile ulipotufundisha kuhusu bakteria na lusini. Nilikaa mbele kwa nia njema. Baada ya muda mfupi mstari wote ulibaki wangu peke yangu, nikadhani wenzangu wamenipisha ili ninyooshe miguu.

Somo lako lilinikolea. Ulisema lusini ni kipande kimojawapo cha protini, kwamba imo kwenye maziwa na imo pia kwenye jasho la mwanadamu, na kwamba bakteria wakiipata hawaiachi. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu yote, nikiamini nimepata utetezi: harufu inayonifuata si uchafu wangu, ni kazi ya viumbe wengine. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kama ni hivyo, basi nyumba yetu ina wageni maelfu ambao yeye hakuwaalika, na mwenyeji wao atakaa nao barazani. Tangu siku hiyo nanywea chai barazani, nachungulia dirishani kama jirani aliyekuja kuazima chumvi.

Yote hayo ningeyameza, kama si mama yangu. Mama anaishi nasi. Macho yake yalishastaafu, na masikio yanashika maneno machache. Miaka yote hii, kila jioni nikitoka kazini, nilikuwa nakaa karibu na kiti chake tunakunywa chai pamoja, na kabla sijafungua mdomo alikuwa akiniambia, "Umerudi, baba." Moyo wa mzazi una macho yake. Hilo ndilo nililonyang'anywa, na linaniuma sana. Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Bakteria hawa hawakubisha hodi. Ulieleza kwamba kwenye utando unaomzunguka bakteria kuna vilango vidogo vya kuingizia lusini, na kwamba wako tayari kutumia nguvu kuivuta ndani hata inapokuwa haba. Yaani wao wana milango na wanachagua kinachoingia kwao. Mimi mwenye miguu sikuulizwa.

2. Ni walaji wasio na adabu. Kwa maelezo yako, wakishaiingiza lusini wanaing'oa kwanza ile sehemu yenye nitrojeni na kuikabidhi kwa molekuli nyingine. Halafu wanatoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Kinachobaki wanakigeuza kuwa asidi, ambayo ndiyo harufu yenyewe, na wengi wao wanaitupa nje. Nje kwao, Mheshimiwa, ni baina ya vidole vyangu. Mpangaji akimwaga maji ya vyombo mlangoni kwa mwenye nyumba, anaitwa kikaoni. Hawa nani atawaita?

3. Kuna upendeleo. Ndugu zao wa kiwandani wanafanya kazi hiyohiyo na kutoa asidi hiyohiyo, lakini wao wamewekewa kipimajoto, rafu za mbao safi na mtu wa kuwahudumia asubuhi na jioni, ambaye ni mimi. Jibini ikinuka, wewe mwenyewe huinusa umefumba macho, ukasema imeiva. Mimi nikinuka vilevile naambiwa nipite mlango wa nyuma. Sijawahi kuambiwa nimeiva.

4. Ushahidi ninao. Juzi niliweka kipande cha jibini kongwe barazani kando ya soksi yangu, nikamwomba mke wangu afumbe macho, anuse, aseme ipi ni ipi. Aliisifu soksi. Nilipomwonyesha, badala ya kukubali ameshindwa aliitupa jibini, na tangu hapo haigusi. Kiwanda kimepoteza mteja mwaminifu kwa sababu ya bakteria wangu, na jambo hili naamini linakuhusu.

5. Kwa kuwa hawa ni mafundi waliobobea, ila wamepangiwa kituo kisichowafaa, naomba wapewe uhamisho kutoka kwenye nyayo zangu kwenda chumba cha kuivishia, rafu yoyote iliyo wazi. Kama uhamisho una ugumu, nyayo zangu zitangazwe rasmi kuwa tawi la kiwanda, nami nipewe hati ya kutundika mlangoni pa sebule. Mke wangu anaheshimu sana mihuri. Kama hilo nalo haliwezekani, basi njoo kwetu umweleze mwenyewe, maana somo lako alilisikia kupitia kwangu na huenda nililifikisha vibaya.

Nabaki hapahapa barazani, kwa heshima zote, nikilisubiri jibu lako. Nisalimie watu wa maabara, mlinzi wa getini na dereva wa gari la maziwa. Nisalimie pia wale bakteria unaowahifadhi kwenye friji yako ya maabara. Waambie ndugu zao wa huku ni wazima na wanakula vizuri.

Wako mtiifu,
Mgeuza Jibini

Nyongeza: Kabla sijaileta barua hii, mke wangu alikwenda kwa mfamasia, akarudi na poda na maagizo: soksi za pamba, miguu ikaushwe vizuri baina ya vidole, mabuti mapya, nayo yaanikwe juani. Nilitii. Harufu imekwisha kabisa, na jana nilirudishwa sebuleni. Nikakaa karibu na mama. Uso wake ulibaki umeelekea mlangoni. Nikamshika mkono. Akaupapasa, akanikaribisha kwa ile adabu ya kumkaribisha mgeni, akasema, "Una mkono kama wa mwanangu. Msubiri, hachelewi kurudi."

Nilimwambia sikioni kwamba ni mimi. Alicheka kidogo, akidhani natania, akaendelea kuelekeza uso mlangoni. Mke wangu alikuwa amesimama na birika. Aliliweka chini, akatoka, akarudi na yale mabuti yangu ya zamani aliyokuwa ameyafungia stoo, akayaweka kwa mikono yake mwenyewe kando ya kiti cha mama. Mama akageuka.

"Umerudi, baba," akasema.

Basi, Mheshimiwa, naomba malalamiko yote matano yafutwe. Na kama kwenye friji yako wamo bakteria wa aina ile wasio na kazi, nigawie wachache. Mke wangu ameridhia, ila anasema wakae mguu mmoja tu.