Mbegu ya Mgando na Goti la Kerttu

Jumatatu, 6 Machi 2006

Hospitali tena. Goti la mjukuu wangu Kerttu limeumuka kama mkate. Yabisi ya viungo, kwa mtoto wa miaka tisa! Daktari ameongeza unga wa bakteria wazuri juu ya sindano yake ya kila wiki, huku akikiri kuwa ushahidi bado mchache. Nikamweleza kuwa bakteria ninao nyumbani: mgando wetu wa maziwa, kutoka kwetu Karelia. Mama aliukaushia kwenye kitambaa, akakimbia vita nao kifuani mwaka 1944. Kila bakuli huachiwa kijiko kimoja cha mbegu ya bakuli linalofuata.

"Mzee, huo haujapimwa," akasema. "Dawa zimeshusha kinga ya mtoto. Usimpe."

Haujapimwa! Umenilea mimi.

Jumatano, 8 Machi

Nilimwambia Kerttu ni pudingi. Akanusa. "Babu, hii ni soksi." Akampa mbwa. Mbwa sasa anaruka uzio.

Binti yangu Marjukka, mama yake Kerttu, amejua. Anasema nikirudia, Kerttu hatakuja tena kwangu akitoka shule. Saa hizo mbili ndizo siku yangu nzima. Na mgando, akiuona jikoni, ataumwaga.

Nimeuficha sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, benchi la juu. Pana ubaridi, pana giza. Hodari mimi.

Jumamosi, 11 Machi

Nchi nzima inajua kuwa Jumamosi ni siku ya sauna. Mimi nilisahau. Marjukka aliwasha sauna kama kawaida. Nikakaa, nikamwagia mawe ya moto maji kwa ukarimu. Ndipo nikasikia harufu. Mbegu iliyonusurika vita imeuawa na mvuke wangu mwenyewe.

Jumapili, 12 Machi

Kwa jirani Hilkka, ambaye hatusemezani tangu alipowaambia watu kanisani kuwa mgando wangu unavutika kama kamasi. Marehemu mke wangu ndiye aliyempa mbegu, ile ile ya mama.

"Sema wangu mtamu kuliko wako."

Nikasema.

"Sikusikii, jirani."

Nikarudia. Akanipimia kijiko. Kidogo.

Jumanne, 14 Machi

Goti limenywea! Daktari anasema ni sindano. Unga labda umesaidia, labda haukusaidia. Nimemwapia Marjukka kuwa nimeachana na mgando. Kerttu ataendelea kuja.

Nimegundua anapenda supu tamu ya matunda ya buluberi. Buluberi huficha harufu yoyote. Kesho mbwa atafungiwa nje.

Bakuli jipya nimelificha mahali ambapo Marjukka hatapafikiria: sauna, benchi la juu. Jumamosi iko mbali.